Risasi Zilizopakwa Rangi ya Kucha

Mansuri alirithi gobore kwa mjomba wake, kama ilivyo desturi ya Waluguru, pamoja na kibali chake, pembe ya baruti, na kalibu ya kusubia risasi iliyoota kutu kama jino bovu. Shamba lake liko mlimani, juu kidogo ya Matombo: migomba, mihogo, na pilipili manga iliyokwea kwenye mifenesi. Gobore lilikuwa la kufukuzia nguruwe pori. Kijiji kizima kina magobore mawili tu, la kwake na la jirani yake Kasimiri, fundi mwashi, na kila mmoja husubu risasi zake mwenyewe uani kwake.

Risasi za Mansuri zilikuwa mbaya, tuseme ukweli. Alimimina risasi iliyoyeyuka kwenye kalibu iliyo bado baridi, kwa hiyo zilitoka na makunyanzi. Nyingine zilikuwa na kitovu. Nyingine zilikuwa na mkia. Lakini zilifika zilikotumwa, na hakuna nguruwe aliyewahi kulalamika.

Balaa lilianza siku Kasimiri alipopita na kuzikuta zimewekwa kwenye jamvi.

"Bwana Mansuri, hizi ni risasi au ni njegere za mwaka jana?"

"Ni risasi, bwana. Huzioni?"

"Naziona. Ndiyo maana nauliza."

Kasimiri akatoa kitambaa mfukoni, akakifungua taratibu kama mtu anayetaka kuonyesha pete ya uchumba. Ndani mlikuwa na risasi tatu, mviringo kamili, zinang'aa kama sufuria ya dukani.

"Kalibu unaipasha moto kwanza," akasema. "Halafu unapiga tupa, halafu msasa, halafu unasugua kwa majivu. Hebu jitazame humo."

Mansuri akainama akajitazama. Akaiona pua yake, ni kubwa kuliko alivyoizoea.

Usiku huo aliuchezea ugali tu. Mkewe Nasra, ambaye kazi yake ni kuwapamba maharusi, akamuuliza ana nini.

"Kasimiri kasema risasi zangu zina makunyanzi."

Nasra akasubiri maneno yaliyobaki. Hayakuja.

"Ndiyo hivyo tu?"

"Ndiyo hivyo."

"Mume wangu, nguruwe atapata wapi nafasi ya kuyaona hayo makunyanzi?"

"Nguruwe ana nini? Mimi ndiye ninayeyaona."

Kesho yake akashuka mpaka Morogoro mjini. Huko Mwembesongo akapata kalibu ya shaba nyeupe kwa muuza vyuma chakavu, na kwa fundi matairi akaokota vipande vya risasi wanavyogongelea kwenye rimu. Akarudi, akawasha moto, safari hii akaipasha kalibu kwanza. Zikatoka risasi nzuri, laini, nyeupe pe, mpaka akazipanga dirishani ili wapita njia wazione.

Lakini risasi ina tabia zake. Siku ya kwanza bibi harusi, wiki ya pili mvi. Hazikukaa sana zikafifia, zikawa rangi ya majivu, na Kasimiri alipopita akasema tu, "Pole sana," kama mtu aliyekuja msibani.

Mansuri alikuwa amekaa barazani, amejaa uchungu, Nasra alipokuwa anamalizia kucha za binti mmoja wa harusi. Rangi ilikuwa nyekundu yenye vimetameta. Ikakauka, ikawa ngumu, ikang'aa. Mansuri akasogea.

"Hiyo inachujuka?"

"Haichujuki. Hata ukifua."

"Na ukipaka mara mbili?"

Nasra akamtazama kucha zake. Alichokuja kukigundua ni kwamba chupa zake tatu zimekwisha na mumewe yuko uani amezichomeka risasi kwenye vijiti vya mishikaki, anazipuliza moja moja. Alikuwa amepaka mara nne. Zilipokauka akazipiga picha juu ya mto wa kitandani, akazituma kwenye kundi la WhatsApp la kijiji, lile la kutangazia vikao na misiba. Chini yake akaandika: Kazi ya mikono yangu.

Wa kwanza kujibu aliuliza kilo ya hizo nyanya ni bei gani. Wengine wakasifu. Haikupita muda Kasimiri naye akatuma zake, amezipanga kwenye kisosi, pembeni kaweka ua la waridi. Mansuri akazipanga upya zikafanya umbo la kopa. Kasimiri akasugua zaidi, akatuma picha ambayo ndani ya risasi moja ulionekana mlango wa nyumba yake, mke wake mlangoni, na mke wake amenuna.

Kupiga, hakuna aliyepiga. Nani atupe porini kitu alichokihangaikia namna ile? Nguruwe wakaona kimya. Wakashuka kwanza jioni, kisha alasiri, mwisho wakawa wanakuja hata mchana na watoto wao.

Aliyeumia kuliko wote ni Bernadeta. Yeye ndiye mwenyekiti wa kikundi cha wakulima na mnunuzi wa pilipili manga, mama wa makamo mwenye jicho linaloweza kuona punje moja mbovu ndani ya gunia. Mihogo yake ilikuwa imefukuliwa nusu shamba. Akawafuata wote wawili, akawakuta njiani wanaonyeshana simu.

"Shikamoo mama," wakasema kwa pamoja.

"Marahaba. Mnataka kujua za nani nzuri? Nitawaamulia mimi, shambani kwangu, Jumamosi. Na nikishaamua, mtazipiga zote. Sitaki tena kuona picha. Juzi nimefungua simu nikidhani ni taarifa ya msiba, nakuta vitufe."

Jumamosi watu walijaa kama kwenye mechi. Bernadeta alikaa kwenye kigoda, ungo mapajani, ule ule anaochambulia pilipili. Kwanza akamwaga risasi za Kasimiri. Akautikisa ungo, zikazunguka bila kelele, zikarudi katikati.

"Zina adabu," akasema. Watu wakapiga makofi. Kasimiri akafumba macho kidogo.

Akamwaga za Mansuri. Zikaviringika nzito nzito, zinagongana, nyekundu zinametameta juani. Akaokota moja akainusa.

"Mbona hii inanuka harusi?"

Nasra akageukia milimani, akawa anatazama mawingu.

"Umbo ni zuri," Bernadeta akaendelea, "na rangi sijapata kuiona. Sasa uamuzi wangu…"

Hakuufikisha. Nguruwe dume alitoka kichakani, mkubwa kama kochi, akapita mbele ya umati wote bila kumsalimu mtu, akaanza kufukua muhogo mteremkoni, hatua chache chini ya kigoda cha mwenyekiti.

"Haya!" Bernadeta akapiga kelele. "Huyo hapo! Pigeni!"

Kasimiri alikuwa wa kwanza. Akatia baruti, akadondosha risasi mtutuni, akaelekeza gobore mteremkoni alikosimama nguruwe. Lakini kwa kusuguliwa kote kule, risasi ilikuwa imepungua sana. Mtutu ulipoinama tu, ikachungulia, ikadondoka chini, tok, ikaviringika mpaka miguuni kwa nguruwe. Nguruwe akainusa, akaipisha.

Kasimiri akatia nyingine. Nayo ikatoka. Ya tatu akaizuia kwa kidole, akabaki amesimama hivyo, maana sasa hakujua afanye nini na kidole.

"Mansuri!" watu wakapiga kelele. "Mansuri!"

Mansuri alikuwa na msiba wake. Rangi mara nne si mchezo: risasi ilikuwa imenenepa, haiingii. Akaisukuma kwa mdeki, ule ufito wa kushindilia. Ikagoma. Akaokota jiwe akaugonga mdeki. Ikaingia nusu, ikakwama hapo hapo mdomoni mwa mtutu, haiendi mbele wala hairudi nyuma, nyekundu, inang'aa.

Nguruwe akamaliza muhogo wa kwanza. Akahamia wa pili.

Mwisho Bernadeta mwenyewe akasimama, akachukua mifuniko miwili ya masufuria aliyowapikia wageni, akaigonganisha akipiga vigelegele vya hasira. Kina mama wengine wakamfuata na ndoo na miiko. Nguruwe akaona sasa hapa hapaliki kwa raha, akaondoka, tena kwa kutembea.

Bernadeta akarudi, anahema, akawatazama wale mabwana wawili.

"Uamuzi wangu," akasema, "ni kwamba mfuniko wa sufuria ndio mshindi."

Watu walicheka mpaka mmoja akashikilia mgomba, ukaanguka naye. Mansuri na Kasimiri wakajikuta wamekaa chini ya mfenesi mmoja, kila mmoja na gobore lake. Aibu ikishakuwa ya watu wawili huwa nyepesi kuibeba.

Kasimiri ndiye aliyeanza.

"Baruti ulitia?"

Mansuri akaitazama pembe yake. Ilikuwa bado imezibwa vile vile. Katika haraka yote ile alikuwa amesahau.

"Sikutia."

"Afadhali, ndugu yangu. Basi hiyo tunaitoa kama kizibo cha chupa. Risasi ni laini. Unahitaji kizibuo tu."

"Kizibuo? Mimi nitakipata wapi?"

"Misheni. Mapadri wanacho, cha divai. Mwombe dada Juliana, mpishi wao. Mimi ningekwenda, lakini padri akiniona atanikumbusha ujenzi wa ukuta wake."

Mansuri akashuka misheni. Juliana akacheka sana, kisha akampa kizibuo kikubwa cha mpini wa mbao. Wakati anarudi nacho mkononi, kwenye kona ya kisima, akakutana uso kwa uso na Shehe Hafidhi.

"Asalaam alaykum, shehe. Shikamoo."

"Waalaykum salaam, marahaba." Macho ya shehe yakatua kwenye kizibuo, yakakaa hapo. "Mansuri mwanangu. Umeanza lini?"

"Si hivyo, shehe. Ni cha bunduki."

"Bunduki inafunguliwa kwa kizibuo?"

"Hii yangu, ndiyo."

"Na ndani yake mna nini?"

"Rangi ya kucha, shehe."

Shehe Hafidhi akamshika Mansuri mkono kwa upole, kama anavyoshikwa mgonjwa, akasema, "Twende wote, nikaone."

Akaona. Pale pale chini ya mfenesi Kasimiri akakumbatia kitako cha gobore, Mansuri akakizungusha kizibuo mpaka kikazama kwenye risasi, akavuta. Haikutoka. Shehe alistahimili kidogo, kisha akakunja mikono ya kanzu, akamshika Mansuri kiunoni. Wakavuta pamoja. Risasi ikatoka na mlio mzito, poo! Wawili wakakaa matopeni, na wa tatu akaangukia kwenye mihogo.

"Astaghfirullah," akasema shehe kutoka mihogoni. Halafu wakamsikia anacheka, kicheko chembamba ambacho hawakujua kama anacho.

Tangu hapo wanasubu pamoja uani kwa Kasimiri, kwa kalibu moja na moto mmoja. Wanakata mkia, wanapiga tupa mara moja, basi. Zinatoka zina rangi ya mawingu ya masika, na mtu akitaka kuzipiga picha anafukuzwa.

Mansuri alipokirudisha kizibuo, na mkungu wa ndizi juu yake, Juliana alimwambia nguruwe wameingia hata kwenye bustani ya mapadri. Basi Jumatatu wakateremka wote wawili. Nguruwe watatu wakakimbia, mmoja hakukimbia. Wakati wa kupanda mlima Kasimiri alijitwika paja, Mansuri akabeba magobore yote mawili, maana nyama ile yeye haigusi, na njia nzima walikuwa wakibishana ni nani kati yao aliyempiga.