Marehemu Yuko Karantini

Avelina alikuwa anakata vitunguu vya wali wa msibani, pale Tandika, saa kumi alasiri, mumewe alipofika kwenye msiba wake mwenyewe. Gaspar alisimama nje ya geti, barakoa usoni, suruali yake ya upishi wa meli ikichuruzika maji ya chumvi. Hakuingia. Aliomba kiti, akakiweka mita mbili mbali na watu, kama taratibu zinavyotaka.

"Pole na msiba," jirani yao Zuena akamwambia.

"Nimeshapoa, dada. Ila vitunguu mnakata vinene mno."

Akawa anakuja hivyo kila siku. Alikuwa amekufa kwa presha, meli ikiwa imetia nanga nje ya bandari, na mwili wake ukawekwa kwenye friji la nyama. Kifo hakikuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa wa nchi mbili. Yetu ilihesabu siku kumi na nne za karantini tangu meli ilipotia nanga. Ile ambayo meli ilipeperusha bendera yake ilihesabu tangu bandari ya mwisho, ikaona imedharauliwa. Mabalozi wakaandikiana barua, na kila barua ilipojibiwa siku zikaanza upya. Huku nyuma kaburi limeshachimbwa kijijini kwao Rombo, liko wazi, linanyeshewa, na wazee wa ukoo wanasema kaburi likilala wazi litaita mwingine. Avelina alitaka jambo moja tu duniani: amzike mumewe.

Alikwenda ofisi ya afya ya bandari mara tano. Afisa, mtu mpole aliyepenga kamasi muda wote, alimwambia, "Mama, asiyekuwepo na lake halipo. Mhusika hajasaini fomu."

Mara ya sita akaenda na mhusika. Gaspar alipanga foleni, akaacha dimbwi sakafuni. Afisa akampima joto kwenye paji la uso: nyuzi nne.

"Homa hana," akaandika.

Gaspar akasaini. Avelina, masikini, akalia kwa furaha. Afisa akaisoma fomu tena.

"Bwana Gaspar, wewe si uko karantini?"

"Ndiyo, mkuu."

"Sasa hapa umefikaje?"

Ikaandikwa kwamba ametoroka. Ubalozi ukapinga siku hiyohiyo, wakubwa wetu wakajibu, na mabaharia wote kumi na tisa wakarudishwa siku ya kwanza. Loh! Na aliyempeleka ni mkewe mwenyewe.

"Bora ningemwacha akae zake getini," Avelina alimwambia Zuena. Roho ilimuuma hasa.

Jumapili baba mkwe akapiga simu. Wamechoka kungoja, watauvika mgomba suti ya harusi ya Gaspar, waufukie badala yake, kama mila yao inavyoruhusu mwili ukikosekana.

"Mgomba upi?" Gaspar akauliza kutoka nje ya geti.

"Ule ulioupanda wewe, nyuma ya banda la ng'ombe," Avelina akamjibu.

Akafikiri kidogo. "Mzuri ule. Halafu hauna karantini."

Mgomba ukasaliwa, ukaliliwa, ukawekewa msalaba wenye jina lake. Tandika matanga yakaanuliwa, turubai na viti vya kukodi vikarudishwa kwa wenyewe.

Kesho yake saa kumi Avelina akatoa kiti cha jikoni, akakiweka nje ya geti, mita mbili.

"Leo siku ya ngapi?" Gaspar akauliza, akikaa.

"Ya kwanza, baba Anjelina."