Waya Usioguswa

Fundi friji alikuwa ameomba kitu kimoja tu katika nyumba yake: waya ule usiguswe mpaka jioni. Kimoja tu! Alikuwa ameuvuta mwenyewe juu ya ua, kutoka ukutani hadi paa la bafu la nje, akauunganisha na kijisanduku cha kutuma ishara kinachotumia umeme kidogo kuliko balbu ya tochi. Wapenzi wa redio wa nchi za mbali wakiinasa ishara hiyo, hutokea kama vidoa kwenye ramani ya kompyuta yake. Ndivyo antena inavyopimwa: unaiacha itume, unakaa kando, unaangalia nani kakusikia. Mpaka anaondoka asubuhi kwenda kazini, hakuna aliyemsikia ila mwenzake wa chama cha redio, anayekaa mtaa wa pili.

Aliporudi mchana kutoka kazini, alikuta mashuka ya mama mkwe yananing'inia kwenye antena. Mabichi, yanadondosha maji, na karibu na bafu waya umeegemezwa juu ya ufito mrefu.

"Mama!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Hii si kamba ya nguo! Tangu uje, nyumba hii hakuna kinachokaa mahali pake!"

Maji yakimwagika hayazoleki. Mama mkwe alianua mashuka yake moja moja, akauondoa ufito, akaingia ndani. Punde mkewe akatoka, mikono kiunoni.

"Hongera. Mama anafunga mzigo. Umemfokea mama yangu kwa ajili ya waya!"

"Si waya, ni antena."

"Haya, antena. Basi ikupikie na ikufulie."

Fundi akakimbilia kompyuta aone hasara aliyotiwa. Akatumbua macho. Ramani ilijaa vidoa, hadi ng'ambo ya bahari na zaidi, na vyote vimeingia mashuka yakiwa juu. Tangu yaanuliwe, kimya. Alitoka tena, akatazama, akaguna. Waya ulikuwa umelegea na kulalia bati la bafu, bati linaimeza ishara yote. Mama mkwe, ili mashuka yasiburuzike chini, alikuwa ameuinua. Na yeye, mtaalamu, asubuhi hakuwa ameinua hata shingo kuutazama. Alikereka upya, safari hii bila mtu wa kumlaumu.

Akagonga mlango wa chumba cha mkwe. Begi lilikuwa kitandani, mashuka mabichi yamekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki.

"Mama, nisamehe. Nimekosa adabu. Kumbe wewe ndiye uliyeifanya isikike. Imefika ng'ambo!"

"Ng'ambo," mama mkwe akasema taratibu. "Kwa nguvu ndogo, binti yangu ameniambia."

"Ndogo mno, mama. Hata tochi haiwaki."

"Basi huko kuna watu wenye masikio. Mimi niko chumba cha pili, baba. Tangu nimefika nakuomba unifungie kamba ya kuanikia. Unaitikia 'ndiyo mama, ndiyo mama', macho kwenye hiyo kompyuta."

Aliona haya hata ya kumtazama mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Naifunga sasa hivi, mama. Usiondoke."

"Kaifunge kwanza. Tutaona."

Alichukua kamba stoo, akatoka mbio. Uani akasimama, akageuka huku, akageuka kule. Mama mkwe alikwisha kumwonyesha mahali, tena zaidi ya mara moja, kwa kidole kabisa. Ikabidi arudi ndani kuuliza ni wapi.