Ramani Mbili za Njia ya Kwai

Kassimu alianza kuongoza wageni milimani miaka ile biashara huria iliporuhusiwa, mabegi ya mgongoni yakaanza kuonekana Lushoto, na kila mwenye akili mjini akawa anatafuta cha kufanya. Miguu yake haikuwahi kumlalamikia. Macho ndiyo yaliyoanza kumgeuka. Vya mbali aliviona kama zamani: tai akizunguka angani, paa la bati likimeta ng'ambo ya bonde. Lakini chochote alichokishika mkononi kilikuwa ukungu mtupu, na jambo hilo hakumwambia mtu, hata mkewe Salama.

Kwa hiyo mgeni mmoja alipowaachia zawadi ya kifaa cha GPS, kidogo cha kushika mkononi, wenzake wa kikundi cha waongoza wageni walipiga makofi. Kassimu aliingiwa na wasiwasi. Kioo cha kifaa kile hakikuzidi ukubwa wa kiberiti.

Silvano, mwenye duka la intaneti karibu na soko, ndiye aliyeombwa kuwatafutia programu ya ramani. Aliwapatia mbili, akawaonyesha kwenye kompyuta ya ofisi yao. Ya kwanza ilikuja na ramani tayari: vilima vya kijani, mito ya buluu, barabara nyekundu, majina tele. Ya pili ilikuwa tupu kama karatasi. Ilichora pale tu mtu alipopita na kifaa, mstari mmoja mweusi, pamoja na majina aliyoyaandika mwenyewe. Ili waone mfano, Silvano alikuwa ameitembea na kifaa hicho njia mpya ya kwenda Kwai, ya nyuma ya msitu wa Magamba, ambayo shemeji zake walimwonyesha na hakuna mwongozaji aliyewahi kuipita.

"Sasa, wazee wangu, mnataka ipi?" aliuliza.

Kassimu alikuwa amesimama mlangoni, na kutoka pale aliiona ile ya kwanza vizuri kabisa. "Hiyo ya rangi," alisema upesi. "Hii nyingine ni uzi tu. Mgeni ametoka Ulaya, umwonyeshe uzi?"

Wengi waliitikia. Lakini Beatha, mwongozaji mwanamke pekee kwenye kikundi, aliyejifunza kazi hiyo kwa kutembea nyuma ya Kassimu, alimwambia kwa adabu, akimwita kwa jina la mwanawe, "Baba Tatu, tungezijaribu zote mbili njiani kwanza."

Ikakubaliwa. Silvano aliziingiza zote mbili kwenye kifaa. Kassimu na Beatha wangekwenda Kwai kwa njia ile mpya wakifuata ramani ya rangi, na kurudi wakifuata ya uzi, kisha waje na jibu.

Waliondoka asubuhi, jua likiwa zuri. Walipotoka upande wa pili wa msitu, ukungu ulipanda kutoka bondeni ukawafunika, hata miti ya jirani ikawa vivuli. Mbele yao njia iligawanyika mbili.

"Inasemaje?" Beatha aliuliza.

Kassimu, ambaye kwa umri wake ndiye aliyekuwa amepewa kifaa, alikiinua, akakisogeza mbali, akakirudisha karibu. Aliona rangi zimevurugika kama mchicha uliopondwa. Kulikuwa na kitu chekundu upande mmoja.

"Kushoto," alisema kwa sauti ya mtu mwenye hakika.

Walishika kushoto. Njia ilianza kuwa nyembamba, ikawa telezi, kisha haikuwa njia tena. Kassimu aliteleza akaketi kwa kishindo, na alipopapasa ashike kitu ainuke, alishika kabichi.

"Nani huyo kwenye shamba langu?" sauti iliuliza ndani ya ukungu.

"Ni sisi, mama! Waongoza wageni wa Lushoto. Shikamoo!"

"Marahaba. Wageni wenyewe wako wapi?"

"Hatuna, mama," alijibu Beatha. "Tumepotea wenyewe."

Mwanamke mzee alitokea na jembe begani, akawatazama, akacheka mpaka akaliegemea lile jembe. Jina lake Secilia. Alisema watu waliopotea bila hata mgeni wa kumsingizia hawana budi kunywa chai, akawapeleka jikoni kwake. Moto ulikuwa unawaka vizuri, na chai ilikuwa nzito kwa maziwa ya ng'ombe wake, waliokuwa wanacheua nyuma ya ukuta.

Beatha alisubiri mpaka Kassimu alipomaliza kikombe. Kisha alisema polepole, "Baba Tatu, huyaoni hayo maandishi."

Kassimu aliutazama moto. Angeweza kukataa. Lakini mgongo ulikuwa na tope, na chai ilikuwa imemlainisha. "Siyaoni, mwanangu," alisema. "Huu mwaka wa pili. Nilidhani mkijua mtaniambia nikae ofisini nijibu simu."

"Nani atakuambia hivyo? Mimi nitakuwa nyuma ya nani?"

Secilia hakungoja zaidi. Alifungua sanduku lake, akatoa miwani anayosomea nyimbo za kanisani, akaifuta kwa khanga. "Vaa hii."

Kassimu aliivaa. Vilima vikapata kingo, mito ikatengana na barabara, na majina yakajitokeza moja moja. Akaitafuta ile njia panda, akaipata, na uso wake ukabadilika.

"Mama Secilia, hapa kwako pamepita barabara?"

"Ilikuwepo. Ya kuvuta magogo, kabla sijaolewa. Sasa ndiyo hiyo kabichi uliyoikalia."

Beatha aliinama akatazama. Mstari mwekundu ulikwenda kushoto, umenyooka, mpaka katikati ya shamba.

"Kwa hiyo hata ningeona," Kassimu alisema, "ningetuleta hapahapa!" Safari hii aliyecheka zaidi alikuwa yeye.

Secilia alichukua miwani yake, akawaelekeza njia; wakafika Kwai, na kurudi wakafuata ramani ya uzi. Beatha aligundua namna ya kukuza maandishi yake, na Kassimu, mkono ukiwa umenyooshwa, aliusoma mstari ule mweusi bila miwani, ukungu ukiwa vilevile. Njiani waliandika chemchemi, daraja la gogo, na nyumba ya Secilia.

Kikaoni hakuficha kitu, wala ya macho wala ya kabichi. Wenzake walicheka, kisha wakaichagua ya uzi ya kutembea nayo njiani, na ile ya rangi ikabaki kwenye kompyuta ya ofisi, kwa wageni wanaotaka kujua jinsi vilima vilivyokaa. Hakuna aliyetaja simu.

Nyumbani alimkuta Salama anachambua maharage. Akamweleza yote, akamalizia kwamba siku ya soko atashuka Soni kutafuta miwani.

"Unanieleza habari za macho yako mimi?" Salama aliuliza bila kuinua kichwa. "Nani amekuwa akikutoa miiba vidoleni?"

"Kumbe ulijua!"

"Nilingoja uchoke kujificha." Alisogeza ungo katikati yao. "Kaa. Maharage haya mabovu hata mimi siku hizi siyaoni vizuri. Tutakwenda Soni wote."

Kassimu alivuta kigoda akaketi, wakachambua kwa kupapasa, wakicheka kila jiwe lilipowapita.