Nuni ya Sinan

Hikmat aliingia dukani bila salamu, akasimama katikati ya vitambaa vyeusi vilivyoning'inia kukauka, na Dhafir akajua kuna mtu amekufa. Mwaka ule hakuna aliyeingia katika duka lile kwa sababu nyingine. Zamani Dhafir aliandika vibao vya vinyozi na vya wauza viatu. Siku hizi Baghdad nzima ilikuwa inaandikisha maiti: kitambaa cheusi, rangi nyeupe kwa aya, rangi ya njano kwa jina la marehemu, kisha kinatundikwa ukutani ili mpita njia ajue nani ameondoka na matanga yako nyumba gani.

"Nani?" aliuliza, huku akiendelea kusafisha brashi.

"Sinan."

"Sinan yupi?"

"Sinan wa Ustadh, we mtu! Kwani unawajua Sinan wangapi?" Hikmat alijibwaga juu ya kopo la rangi. "Wamempiga risasi asubuhi, ndani ya gari, mbele ya chuo. Wanasema walimfananisha na mtu mwingine. Kama vile hilo linapunguza kitu."

Dhafir aliweka brashi chini. Hikmat alijifuta uso kwa kiganja, akaendelea: "Sasa tunakwenda kuzika. Ustadh amesema kitambaa kije kwako. Amesema, 'Dhafir anaijua kazi hii.' Tukirudi kutoka makaburini tukikute kimeshatundikwa."

"Amesema hivyo? Anaijua kazi hii?"

"Mtu amefiwa na mwanawe wa pekee, wewe unapima maneno yake?"

Ni kweli alikuwa anayapima. Alikuwa na zaidi ya miaka ishirini ya kuyapima maneno ya Ustadh Munir. Kila Ijumaa asubuhi alikwenda kwake na karatasi ya mazoezi, akakaa chini, akangoja ile kalamu ya wino mwekundu ipite juu ya herufi zake kama kisu cha mchinjaji. Ustadh alikuwa bingwa wa hati ya thuluthi, ule mwandiko wa fahari wa Kiarabu, na wanafunzi wake wote aliwapa ijaza, yaani idhini yake. Hikmat aliipata akiwa kijana mdogo, mwenye kiburi na mikono laini. Dhafir peke yake ndiye aliyebaki.

Mwanafunzi wa hati haweki jina lake kama bwana chini ya kazi yake. Akiliweka, huandika sawwadahu, yaani fulani ameitia weusi, kama mtoto aliyechafua karatasi. Katabahu, yaani fulani ameiandika, ni neno la mwenye ijaza. Na ijaza hiyo haitolewi kwenye karatasi ya pembeni kama cheti cha shule. Mwalimu huichukua kazi yenyewe ya mwanafunzi, akaandika chini yake kwamba amemruhusu. Ndiyo maana watu huitundika sebuleni: juu mkono wako, chini mkono wa mwalimu.

Kilichomkwamisha Dhafir ni nuni, herufi ya N. Ile nuni ya mwisho wa neno, yenye bakuli. "Nuni yako ina njaa," Ustadh alikuwa akimwambia. "Umeikimbiza. Unaandika kama mtu anayefukuzwa na mbwa." Na hakukosea. Mkono wa Dhafir ulilelewa na mjomba wake Abbud, mchora vibao, aliyemtoa shule akiwa na miaka kumi na miwili na kumfundisha sheria moja tu: mteja amesimama, rangi inakauka, andika. Mjomba alimpa chakula. Ustadh alimpa njaa nyingine. Watu wawili hao waliuvuta mkono mmoja, kila mmoja upande wake, na mjomba alipokufa hakuuachia.

Hikmat alipoondoka, Dhafir aliteremsha mlango wa bati mpaka nusu, akatandaza kitambaa juu ya ubao na kukibana kwa misumari. Alilia. Tusimdhulumu, alilia. Sinan ndiye aliyekuwa akimletea chai zile Ijumaa, tangu akiwa mtoto wa kumwaga nusu yake kwenye kisahani, na alipokua akawa anamtania mlangoni: "Ami Dhafir, leo umezika wangapi?" Sasa jina lile lilikuwa linangoja rangi ya njano.

Alichovya brashi, akatazama kitambaa kitupu. Sinan bin Munir. Sinan inaisha na nuni. Bin nayo inaisha na nuni. Na aya ya juu, kwamba sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea, nayo inafungwa na nuni, bakuli pana kabisa.

Akaiweka brashi pembeni. Akachukua chaki.

Katika maisha yake yote hakuwahi kuandika kitambaa cha msiba kwa chaki. Kwa kawaida robo saa ilitosha, sigara mdomoni, akipiga soga na mteja. Siku ile alipima kila herufi kwa nukta, kama Ustadh anavyotaka: alifu nukta ngapi kwenda juu, bakuli nukta ngapi kwenda chini. Alifuta, akapima tena. Machozi yalikuwa yamekauka na yeye hakutambua yalikauka saa ngapi. Alikuwa anawaza kwamba waandishi wote wa hati waliobaki mjini watakuja matangani, na kwamba wote watapita chini ya kitambaa hiki. Alipoivuta nuni ya Sinan, pumzi aliizuia mpaka brashi ilipomaliza kupanda ukingo wa pili na kujikata yenyewe. Akarudi nyuma. Haikuwa na njaa. Ilikuwa imekaa pale imeshiba, imetulia, kama iliyoandikwa na watu wa zamani.

Alicheka peke yake, sauti ikatoka. Kisha akainama, na kwenye pembe ya chini, kwa herufi ndogo za njano, akaandika: katabahu Dhafir.

Alipokuwa juu ya ngazi akifunga kamba ya pili kwenye ukuta wa Ustadh, jirani mmoja, mama mtu mzima aliyebeba sufuria ya wali wa msiba, alisimama kusoma.

"Mwenyezi Mungu amrehemu, mtoto wa watu. Na huyu Dhafir naye ni nani? Walikuwa wawili garini?"

"Hapana, mama. Dhafir ni mimi."

"Wewe? Mbona u mzima?"

"Mimi ndiye mwandishi."

Mama yule alimtazama kuanzia viatu kwenda juu. "Sasa jina lako linatafuta nini kwa marehemu?" Akaingia ndani na sufuria yake.

Rangi ilikuwa bado mbichi. Kitambaa chenye mafuta ya kufutia kilikuwa mfukoni mwake, na mkono wake ulikwishakishika. Angepitisha mara moja tu, mambo yangekwisha. Akaitazama tena ile nuni. Magari yaliyotoka makaburini yakakunja kona, naye akateremka ngazi bila kufuta.

Watu wakashuka na mavumbi ya kaburi miguuni. Hikmat alikuwa wa kwanza kuona. Alimshika Dhafir kiwiko, akamvuta pembeni.

"Umerukwa na akili? Lifute jina lako!"

"Nuni umeiona?"

"Nasema lifute, Ustadh anashuka!"

"Hikmat, umeiona?"

Hikmat alikitazama kitambaa. "Nimeiona. Mungu akusamehe. Ni nzuri."

Ustadh Munir alishushwa garini na shemeji zake wawili. Alisimama chini ya kitambaa. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti, akaivaa tena, akasoma kutoka kulia kwenda kushoto, juu mpaka chini, mpaka pembeni. Akaingia ndani, watu wakamfuata.

Siku zote za matanga Dhafir alikaa karibu na mlango akinywa kahawa chungu. Waandishi wa hati walikuja kweli, hata wale wakongwe waliokuwa wameacha kutoka nje kwa kuogopa njia. Walimpa Ustadh pole, wakasoma Fatiha, wakakaa, na baada ya muda mnong'ono ukaanza. "Umeiona thuluthi ya pale nje?" "Nani kaandika?" "Yule wa vitambaa? Haiwezekani." Mzee mmoja alimshika Dhafir mkono akauminya, na hakuwa akimpa pole. Dhafir alisikia joto likimpanda kifuani. Alipoinua uso aliona kwamba Ustadh, pale alipoketi katikati ya wafiwa, alikuwa anausikia mnong'ono ule ule.

Matanga yalipovunjwa, Ustadh aliamuru kitambaa kiteremshwe, ingawa vingine hubaki ukutani mpaka arubaini au mpaka jua livile. Akamwita Dhafir kwenye chumba cha masomo. Kitambaa kilikuwa kimetandazwa juu ya meza.

"Funga mlango. Kitambaa cha msiba huwa unakiandika kwa muda gani?"

"Robo saa, Ustadh."

"Na hiki?"

"Tangu mlipokwenda kuzika mpaka mlipokaribia kurudi."

"Ulipima?"

"Nilipima. Kwa chaki."

"Ulipokuwa unapima, ulikuwa unamfikiria Sinan?"

Angeweza kusema uongo. Mtu yeyote angesema uongo. Lakini katika chumba kile hakuwahi kudanganya hata siku moja, maana wino mwekundu ulikuwa unamfichua kila mara.

"Mwanzoni, ndiyo."

"Halafu?"

"Halafu nilikuwa naifikiria nuni."

Ustadh alitikisa kichwa polepole. "Hivyo ndivyo inavyoandikwa. Ndivyo nilivyokufundisha. Siku mama yake anamzaa, mimi nilikuwa juu ya jukwaa, naandika kwenye kuba la msikiti. Walinijia mara mbili. Sikushuka mpaka nilipomaliza mstari. Nimewasimulia wanafunzi habari hiyo miaka yote, najisifu." Aligusa ukingo wa kitambaa. "Lete rangi nyeupe."

Dhafir alielewa kwamba ijaza itaandikwa juu ya kitambaa kile. "Ustadh, hapana. Nitaandika nyingine. Kwenye karatasi nzuri. Nipe wiki moja."

"Hutaweza. Nimeusahihisha mkono wako nusu ya umri wako, naujua kuliko wewe. Mkono huu haukuwepo kabla ya siku ile, na kesho hautakuwepo."

"Basi nisipate. Naomba nisipate, Ustadh. Nichanie."

"Nikuchanie jina la mwanangu?" Mzee aliinua uso, na ndipo Dhafir alipoyaona macho yake kwa mara ya kwanza tangu msiba. "Umeshajipa mwenyewe, wewe. Mimi naweka sahihi tu. Lete rangi."

Akaleta. Ustadh aliandika akiwa amesimama, mistari ikipinda kwa namna ambayo mwanafunzi wa mwezi mmoja angechapwa kwayo: *Nimemruhusu mwandishi wa kitambaa hiki, Dhafir bin Salman, aandike katabahu chini ya kazi zake. Munir, baba wa marehemu.*

"Kapambe sebuleni," alisema. "Na Ijumaa usije. Mwenye ijaza hana cha kufuata kwangu."

Nyumbani, mkewe Ibtihal alikishika kitambaa kwa ncha za vidole. Yeye ndiye aliyekuwa akimfulia mashati ya Ijumaa na kumuuliza kila mara, bila kejeli, "Leo je?" Sasa alisoma, akasoma tena, akakikunja upesi kama mtu anayeziba jeraha.

"Baba Maysun, hiki hakikai ndani ya nyumba yangu."

"Ni ijaza, mke wangu."

"Naona ni nini. Ukikitundika, watu watakuja kutupa pole. Na mimi sitakuwa na la kuwajibu." Akamrudishia. "Kipeleke kwa maiti wenzake."

Akakipeleka dukani, akakiweka chini kabisa ya rundo la vitambaa vitupu.

Asubuhi yake, kabla hajaupandisha mlango wa bati wote, kulikuwa na mtu anangoja. Nduguye ameuawa kwenye mlipuko wa stendi ya mabasi. Alikuwa na vumbi kwenye nywele na alizungumza haraka haraka.

"Wewe ndiye Dhafir? Yule mwenye ijaza? Nimeambiwa ulimwandikia mtoto wa Ustadh, mji mzima unazungumza. Nataka kama kile."

"Ndugu yako anaitwa nani?"

"Marwan. Marwan bin Hassan. Mwandikie vizuri, bwana, alikuwa mtu mzuri."

Marwan. Hassan. Dhafir alibana kitambaa, akachukua chaki, akapima nukta. Alipima kwa uangalifu wote alionao. Alipoivuta nuni, mkono ulikimbia. Aliuona ukikimbia na hakuweza kuushika. Bakuli likatoka jembamba, lenye njaa, lile lile la miaka yote. Akafuta, akavuta tena. Likatoka vile vile.

Mteja alikuwa nyuma yake, analia bila sauti.

"Nzuri sana," alisema. "Mungu aubariki mkono wako. Lakini mbona hujamaliza?"

"Nimemaliza."

"Jina lako, bwana. Walisema unaweka jina lako. Weka, watu wajue tumemwandikisha kwako."

Dhafir alitazama kitambaa, akatazama uso wa yule mtu. Akachovya brashi kwenye njano, akainama pembeni, akaandika: sawwadahu Dhafir.