Siku Mama Alipokuja Makambako Kunichukua

Kitu cha kwanza nilichokiona Makambako ni soksi. Wanawake sokoni walikuwa wamevaa soksi nene ndani ya kandambili, mkanda umezama katikati ya vidole, na hakuna aliyeona ajabu. Mimi nimezaliwa Manda, kando ya Ziwa Nyasa, ambako hata mwezi wa saba shuka moja inatosha. Siku ile miguu yangu ilikuwa kama si yangu. Wiki iliyofuata na mimi nikanunua soksi.

Nilikuwa mmisionari wa kanisa ambalo watu hupenda kuliita la Wamormoni. Kwa kawaida hawakutumi karibu na kwenu. Ila mimi niliitwa nikiwa Dar es Salaam, ambako nilikuwa nafanya kazi za ndani kwa mama Janeth, na yeye ndiye aliyenipeleka kanisani mara ya kwanza. Kwa hiyo viongozi walinihesabu kama mtu wa Dar. Nilipoambiwa nitahudumu Njombe na Makambako, ningeweza kusema kwamba basi la Manda linaondokea Njombe. Sikusema. Kusema mbele ya watu kumekuwa kazi ngumu kwangu tangu nilipoacha shule darasa la tano.

Mwenzi wangu wa misheni alikuwa Dada Ilunga, binti mrefu kutoka Lubumbashi, ambaye Kiswahili chake kilichekesha watu kabla hajamaliza salamu. Yeye ndiye aliyebisha hodi na kuanza mazungumzo. Mimi nilisoma mistari, polepole, na yeye alisubiri bila kunisaidia mpaka nimalize.

"Masista, mbona hamna shela?" muuza viazi mmoja alituuliza.

"Sisi hatuko masista. Tuko wamisionari."

"Mmeolewa?"

"Hapana."

"Chai mnakunywa?"

"Hapana."

"Masista wanakunywa," alisema yule muuza viazi. "Nyinyi mmewazidi. Kwa baridi hii mtaganda, halafu tuwazike na kanisa gani?"

Tulikuwa na sheria moja ambayo ilishangaza watu kuliko ya chai. Mmisionari haachani na mwenzi wake. Mnatembea pamoja, mnafundisha pamoja, mmoja akienda kwa fundi viatu na mwingine anakwenda. Mwenzako lazima umwone na umsikie muda wote. Mwanzoni ilinichosha, baadaye nikazoea.

Jumatatu ilikuwa siku yetu ya kufua na kupiga simu nyumbani. Dada Ilunga alizungumza na mama yake mpaka simu ikapata moto. Mimi nilimpigia mama yangu, ikaita, ikakata. Mama ni mwenyekiti wa jumuiya kwenye kigango chetu cha Kikatoliki. Tangu aliposikia nimebatizwa upya, hakupokea simu yangu hata mara moja.

Siku moja tulikwenda Njombe kwenye mkutano wa wamisionari, tukapitia sokoni. Pale nikakutana na mama mdogo Oktavia, anayeleta usipa, dagaa wa kwetu, kutoka ziwani. Alinikumbatia, akaniuliza habari na mtaa ninaokaa, macho yake yakiwa kwa Dada Ilunga. Nilipoomba kwenda chooni, Dada Ilunga akanifuata, akasimama mlangoni na mkoba wangu. Tuliporudi, mama mdogo aliutazama ule mkoba mkononi mwa Dada Ilunga. Alinifungia usipa kwenye gazeti, akasema, "Haya, mwanangu. Mungu yupo." Sikuelewa kwa nini alisema hivyo.

Nilielewa siku mama alipokuja. Tulikuwa tunatoka nyumbani kwetu Makambako asubuhi, ukungu bado haujapanda, nikamwona amesimama getini na mjomba Romanus. Amejifunga vitenge viwili na kushika beseni lenye mfuniko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Chukua vitu vyako, Fidelia. Tunakwenda nyumbani."

Mjomba alisema kwa upole kwamba Kosta, basi dogo la Njombe, inaondoka saa nne, tutalala kwa Oktavia, kesho tutapanda basi la Manda. Viti alishatuwekea, vyote vitatu.

"Mimi niko kazini, mjomba," nilisema. Sauti ilitoka ndogo.

"Kazi gani ya kulindwa hadi chooni?" mama aliuliza, akimwonyesha Dada Ilunga kwa kidevu. "Huyu ndiye askari wako?"

"Mimi niko mwenzi wake, mama," Dada Ilunga alijibu.

"Basi, mwenzi, tuondokee kidogo niongee na mtoto wangu."

Dada Ilunga alinitazama. Kusogea kidogo aliweza, lakini si hadi nisisikike, na mama alitaka aondoke kabisa. Alipokataa, kwa adabu zote, mama alimgeukia mjomba. "Umeona? Oktavia hakusema uongo. Mtoto amefungwa."

Mjomba akaanza kuzungumzia polisi. Majirani walikuwa wameshatoka na miswaki mdomoni. Nilijua neno langu moja lingetosha. Nikisema nimechoka, rais wa misheni, mkubwa wetu, angenipa ruhusa, na safari yangu ingeishia pale. Nikisema nabaki, mama angeshuka ziwani akiamini nimelogwa, na nisingekuwa na nyumba ya kurudi.

Dada Ilunga ndiye aliyepata njia. Alikwenda kukaa kwenye tofali karibu na geti. "Semeni kwa luga yenu," alisema. "Nitasikia sauti, maneno sitajua. Sheria haisemi nijue Kimanda."

Mjomba alicheka kabla hajajizuia.

Nikaongea na mama kwa Kimanda. Sijui kwa nini, lakini kwa Kimanda maneno hayakunikwama.

"Wanakulisha nini?" aliuliza.

"Ugali, mama. Tunapika wenyewe. Yule hajui kupika, mimi ndiye ninayempikia."

"Kwa nini anakulinda?"

"Na mimi namlinda. Anaogopa mbwa. Tukipita kwenye nyumba yenye mbwa ananishika mkono, na urefu wote ule. Mwezi uliopita aliumwa malaria, nilimkanda mimi. Kwao ni Kongo. Hana shangazi hapa, hana mtu. Nikiondoka leo, jioni atakaa na nani?"

Mama alimtazama Dada Ilunga, ambaye alikuwa anapuliza vidole vyake.

"Mama yake anajua aliko?"

"Anajua. Wanaongea kila Jumatatu."

Mama akafunua beseni. Ndani kulikuwa na usipa wa kukaanga na ugali wa muhogo uliopoa. "Mwite aje ale," alisema. "Mtoto wa watu anakonda."

Tulikula pale getini, wote wanne, tukinawa kwa maji ya ndoo. Dada Ilunga alimeza mpaka vichwa. Mama alimwambia kwa Kiswahili, "Ukimwacha mtoto wangu augue, nitakuja tena." Dada Ilunga akasema, "Ndiyo, mama," kama mtu anayeapa.

Tuliwasindikiza stendi. Mama hakusema amekubali kanisa langu, na mpaka leo hajasema. Aliniuliza tu, akifunga kitenge, "Hiyo simu ya Jumatatu huwa unapiga saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Saa kumi nakuwa kwenye rozari. Piga saa kumi na moja."

Nilibeba beseni hadi ndani ya Kosta. Mama alikaa dirishani, mjomba nyuma yake, na kando ya mama kile kiti cha tatu kilikuwa wazi. Kondakta aliniambia, "Dada, kaa, tunaondoka." Nikageuka. Dada Ilunga alikuwa amesimama chini mlangoni, ananitazama, kama sheria inavyotaka. Nikamwekea mama beseni miguuni, nikashuka.

Watu wa kanisa waliposikia habari ile walisema nina imani kubwa. Niliinamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu. Kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu, hata Dada Ilunga mwenyewe, ni kwamba mkono wangu ulikuwa umeshashika kile kiti. Kama angeangalia pembeni mara moja tu, ningekaa.