Sare za Ruksana

Jumanne moja ya mwezi wa tatu, saa nne asubuhi, Ruksana alikuwa barazani kwake Magomeni akipinda pindo la gauni la mteja, moyo wake ukaanza kukimbia. Hakukuwa na jambo. Bajaji ilipita, jirani alikuwa anakuna nazi. Lakini moyo ulikwenda mbio, mikono ikafa ganzi, akashuka kitini akakaa sakafuni, ameshika mguu wa cherehani, akingoja kufa.

Hakufa. Hospitali walimpima wakasema moyo mzima. Daktari akamuuliza kama kuna kitu anatumia. Akasema kweli: vidonge vya kukeshea, vile wanavyomeza madereva wa malori. Yeye na mashoga zake walikuwa wakivimeza kila Ijumaa kabla ya kwenda kucheza muziki, kwa raha tu, miezi mitano sasa. Alivipata duka la dawa la Kamran, mume wa dada yake, aliyemfungia kwenye kipande cha gazeti kama bizari.

"Acha," daktari akasema.

Aliacha siku ileile. Hofu ndiyo haikumwacha. Ilimjia akioga, ikamjia akiwa kwenye sijda.

Mwezi wa nne, nguo alizoshona zikaanza kutetemeka. Siku isiyo na upepo magauni yake yalitikisika kambani, na khanga za jirani, kamba hiyohiyo, zimetulia. Jirani alitazama, akaongeza vibanio.

Bi Hafsa alikuwa ameagiza sare thelathini za harusi ya binti yake. Ruksana alimwonya.

"Bi Hafsa, nguo zangu siku hizi zina hofu."

"Zinabana?"

"Hazibani."

"Basi shona, mwanangu. Harusi Jumamosi."

Jumamosi alasiri wanawake thelathini wenye magauni ya zambarau walikaa ukumbini wakiukodolea macho mlango. Pilau ikapoa. Bibi harusi alipoingia, waliinuka kwa pamoja, na badala ya kupiga vigelegele wakatoka mbio hadi barabarani, viatu mkononi. Huko wakasimama, kila mmoja akimuuliza mwenzake kuna nini. Wakaenda kuyavua magauni, wakajifunga khanga, wakarudi kula. Hakuna aliyemlaumu fundi. Mishono ilikuwa imenyooka.

Kesho yake wengi wao walikwenda kwa Kamran kutafuta dawa ya kutuliza moyo. Alikuwa nayo pia.

Ruksana alimfuata dukani. Alikuta wasichana wawili wenye mikoba ya chuo wakisubiri, na Kamran anakunja gazeti.

"Shemeji, bado unaviuza?"

"Ulikuja kwa miguu yako, shemeji. Nani alikuvuta?"

Ruksana aliwageukia wale wasichana awaambie. Kifua kikabana, ulimi ukakauka kama kitambaa. Wakapokea kifurushi chao, wakamsalimia kwa adabu, wakaondoka.

Mwezi wa sita akaja msimamizi wa walinzi wa maghala ya korosho. Habari za harusi zilikuwa zimemfikia.

"Walinzi wangu wanalala," alisema. "Nishonee sare arobaini."

Alishona. Hakuna mlinzi aliyesinzia tena, na hakuna gunia lililopotea. Msimamizi alisifiwa kikaoni.

Wiki ya tatu mlinzi mmoja, Petro, Mmakonde wa makamo, alifika barazani amelikunja shati la sare kwapani.

"Dada, hii kitu nikiivua haitoki."

"Tangu lini?"

"Jumapili. Niko kanisani, nimevaa shati langu mwenyewe la mtumba. Nikadhani ninakufa mbele ya padri."

Ruksana alimwangalia mikono. Akampisha kwenye kiti chake, yeye akakaa sakafuni.

"Hufi, kaka. Vuta pumzi. Taratibu. Toa."

"Itaisha?"

"Hii ya sasa hivi itaisha."

"Na nyingine?"

Wakavuta pumzi pamoja, wakatoa. Simu ikaita kando ya cherehani. Alikuwa msimamizi: ghala jipya linafunguliwa, anataka sare sitini nyingine.

Ruksana alikusudia kusema hapana. Petro alikuwa anamtazama, jasho linamtiririka shingoni. Kifua kikabana.

"Rangi ileile," akaisikia sauti yake ikiuliza, "au safari hii tubadilishe?"