Ringi ya Mashariki

Beverlyne Nakhumicha alichezea chuo chetu cha ualimu, Kitengela, mechi thelathini na moja za mpira wa kikapu kati ya 1998 na 1999. Alikuwa gadi, yaani yule anayepandisha mpira na kuamua nani apewe. Mimi, mwalimu wa hesabu, niliandika matokeo.

Baba yake, Mzee Wakhungu, karani wa reli, alikuwa amempa mwaka mmoja. Asipothibitisha kwamba anauweza mpira, aache, asome.

Mwezi wa tano niliona jambo katika daftari langu. Kwenye ringi ya mashariki ya uwanja wetu, kile chuma cha kufungia mpira, Nakhumicha alikuwa amefunga mipira hamsini na miwili kati ya sabini. Kwenye ringi nyingine zote, kumi na minne kati ya sitini. Nilinunua tepu dukani kwa Njogu nikapima. Ringi ya magharibi ilikuwa na mita tatu na sentimita tano, kama sheria inavyotaka. Ya mashariki ilikuwa na mita mbili na sentimita themanini na nane. Mvua za El Niño zililainisha ule udongo mweusi, na nguzo ikazama.

Nilimwambia kocha Mburu.

"Mwalimu, tangu mvua ile hatujafungwa hapa nyumbani," alisema. "Rudisha tepu mfukoni."

Nakhumicha alinifuata hadi ofisini.

"Niko na swali, Mwalimu. Mimi ni mzuri, ama ringi ni fupi?"

"Takwimu hazitoshi."

Kwa wiki tano alifanya mazoezi kwenye ringi ya magharibi peke yake. Mwenzake, Ann Nyakio, alibaki mashariki, karibu na jikoni, akisema huko mpira unampenda.

Mwezi wa saba alikuja Bwana Tajeu, kuchagua wachezaji wa kwenda michezo ya taifa ya vyuo. Tulicheza na chuo kimoja cha Kajiado. Nakhumicha, akiwa kapteni, alichagua tuanze kwa kushambulia magharibi.

"Unampa mgeni ringi yetu?" Mburu alimuuliza.

"Wacha waitumie, Kocha."

Wageni hawakuwa wameizoea. Mipira yao ilipita juu, na miwili ikaangukia bustani ya sukuma wiki ya mpishi wa chuo. Nakhumicha alifunga saba kati ya kumi na miwili. Wakati wa mapumziko tuliongoza ishirini kwa sita.

Tukabadilishana pande, na sasa yeye ndiye aliyeshambulia mashariki. Mkono wake ulikuwa umeshazoea urefu wa sheria. Mipira minne ilipita juu. Mpishi akatoka, akasimama mbele ya sukuma zake na sufuria mkononi.

Nakhumicha aliacha kulenga. Kila mpira alioupata alimpa Ann, na Ann akafunga minane kati ya tisa. Tulishinda thelathini na nane kwa thelathini na nne.

"Nachukua wawili," Tajeu alisema. "Yule mfungaji, na gadi aliyejua ampe nani."

Nilimfungulia daftari.

"Hii safu ya nne ni ya nini?"

"Urefu wa ringi."

Aliisoma akalifunga. "Mwalimu, mimi nilikuja kuangalia wasichana. Sikuja kuangalia chuma."

Michezo ya taifa ilikuwa mwezi wa nane. Nilienda na tepu nikapima ringi zote; zote zilikuwa na urefu wa sheria. Ann alifunga miwili kati ya ishirini na minne. Siku ya tatu Nakhumicha hakumpa tena, hata Ann alipomwita kwa majina yote mawili. Yeye mwenyewe alifunga ishirini na miwili kati ya hamsini.

"Ringi ni fupi," nilimwambia tukirudi. "Na wewe ni asilimia arobaini na nne."

"Hiyo ni nzuri?"

"Ann ni nane."

Alifikiri kidogo. "Basi mwambie baba. Lakini Ann usimtaje."

Jumamosi Mzee Wakhungu alikuja chuoni akiwa na koti na tai. Nilimwonyesha ukurasa. Aliufuata kwa kidole, mstari kwa mstari, safu ya nne pia, kisha akavua miwani.

"Arobaini na nne," alisema. "Na hizo hamsini na sita zilienda wapi, Mwalimu?"

Nilimweleza kwamba hakuna mchezaji anayefunga mia, na kwamba kwa gadi hiyo ni alama ya juu.

"Mimi sijawahi kupokea arobaini na nne nyumbani kwangu," alisema, akamgeukia binti yake. "Utacheza mwaka mwingine. Uzitafute zilizobaki."